Ng'ombe Mmoja kwa Mitindo Mitatu

Dada Neema, shikamoo! Huku Katesh upepo wa mlimani unataka kubeba hata kadi hii.

Mama mwenye mgahawa jirani na shangazi aliniahidi ukuta wake wote, nikimridhisha kwa mchoro wa ng'ombe. Nikamchora mara tatu: kwa uhalisia, kama alivyo; kwa madoa ya rangi, kama wale wachoraji waliofuata mwanga tu; na kwa mtindo uitwao kubizimu, macho na pembe zote upande mmoja.

Mzee mfugaji aliyekuwa akinywa chai akasema, "Wa kwanza ni picha ya simu. Wa pili ni wangu kabisa, asubuhi ya ukungu. Lakini binti, huyu wa tatu kagongwa na lori?" Watu wakacheka. Unanijua, nilitaka kukimbia. Mara nikasikia sauti yangu: "Hapana, babu. Wale wawili nimewachora nikiwa nimesimama mahali pamoja. Huyu nimemzunguka."

Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. "Kumbe! Hata mimi mnadani sinunui ng'ombe bila kumzunguka."

Mama wa mgahawa akanipa kopo la rangi. "Chora huyo."

Dada, naanza kesho! Nakukumbatia wewe na mama, mlale salama huko Daudi.

Mdogo wako, Paskalina