Folda ya marehemu Yusto

Felisian, nimeiua diski ya marehemu Yusto.

Ilikuwa ya mfumo wa Windows, na ndimo alimohifadhi nyimbo zake. Nikapanga upya kiini cha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ili kiweze kuisoma. Nikakiruhusu pia kiandike humo, yaani kubadilisha yaliyomo, ingawa maelezo yalionya kwamba ni hatari.

Ikafunguka! Yusto akaimba hapahapa dukani Malangali, mjane wake Bertila akalia.

Mimi na kiherehere changu, nikaona folda imeandikwa "Yusto". Nikaongeza "Marehemu" mbele, kwa heshima tu.

Sauti ikakatika. Diski haifunguki tena.

Bertila akaniuliza polepole, "Shemeji, nani kakutuma umzike mara ya pili?"

Umzike, Felisian! Mpaka sasa naisikia.

Nakala hakuna. Zimekwenda nyimbo kumi na tisa, na ujumbe mmoja aliomrekodia mtoto ambaye bado yumo tumboni mwa Bertila.