Abiria wa Kwanza ni Bibi Kalunde

Jumatatu, 3 Juni

Leo tena nimeosha pikipiki ya mtu. Nimebeba abiria mpaka jioni, nikairudisha kwa mwenyewe inang'aa kuliko sura yake. Mwaka wa pili huu mimi ni deiwaka, napanda chombo cha mwenzangu wakati kalala. Imetosha. Idi Kijiko ana ya kwake, basi kila asubuhi hapa kijiweni lazima aniulize, "Shebe, hiyo ya leo ya shemeji au ya mkwe?" Wana wote wanacheka. Wacheke haraka haraka. Zimebaki siku mbili.

Bibi Kalunde kauza maksai wawili. Ni bibi yangu mzaa mama, naishi naye Ntalikwa. Kasema pikipiki inunuliwe mpya, ya kwenye boksi, ambayo haijakaliwa na makalio ya mtu. Shule niliishia kidato cha pili, sawa. Lakini kwenye gia hapa Tabora yote sijaona wa kunifundisha.

Tatizo ni moja, Mjomba Maganga wa Isikizya. Maksai walikuwa wa nyumba nzima, kwa hiyo neno lake lipo. Kapiga simu. Binti yake kajifungua, na kwetu mtoto anapewa jina na bibi. Jumamosi nimpeleke bibi kwa pikipiki hiyo. Akifika mzima, pikipiki yangu. Asipofika mzima, inabaki hukohuko, mwanawe wa kiume aitumie kubebea asali.

Nimecheka. Mtihani wenyewe ndio huo?

Jumatano, 5 Juni

IMEKUJA.

Nyekundu. Imefungwa mbele ya macho yangu dukani kwa Mzee Kanji. Nilisimama hapo tangu wanafungua boksi, fundi akanipa mpaka kiti, nikakataa kukaa. Mzee Kanji kazaliwa hapahapa mjini kama baba yake, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kaniambia mambo mawili. Injini mpya, usipite hamsini mpaka ilainike. Na hii nailoni ya kiti toa, inateleza.

La kwanza nimekubali. La pili hapana. Mzee anajua kuuza, lakini hajui mambo ya kijiwe. Ukitoa nailoni leo, kesho watu wanasema umenunua mtumba. Kuna jamaa kijiweni nailoni yake ina miezi minne, imechanika, kaibandika selotepu. Namheshimu sana.

Kutoka mjini mpaka nyumbani nimeiendesha peke yangu. Kiki moja tu, imewaka. Sauti nyembamba, safi, kama mtu anasafisha koo kabla ya kuhutubia. Gia zinaingia zenyewe. Nimepita kijiweni, ingawa si njia yangu. Nimepita mara mbili.

Idi kasimama katikati ya barabara. "Hiyo umenunua au umepewa uishikilie?"

"Sogea, unachafua hewa ya chombo."

Siku nzuri kuliko zote. Sina zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeiosha mara tatu. Haikuwa chafu.

Nimechukua glisirini ya bibi ya kupaka miguu. Nimepaka tairi, tanki, na nailoni ya kiti. Kiti sasa kinaonyesha sura yangu. Sura nzuri.

Ijumaa, 7 Juni

Bibi kashinda akijiandaa kama anakwenda Maka. Kitenge kipya, kanga mbili, kikapu cha karanga. Majirani wamekuja kuaga. Anawaambia, "Kesho nachukuliwa na mume wangu." Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, na mimi namwita mke mkubwa. Mbele ya watu kaniuliza kama nina nguvu za kumbeba au nitamwangusha njiani kama gunia la mihogo. Nikamjibu kwamba waliomwoa kwa miguu walikuwa watu wa shida.

Kisha kaniambia kitu ambacho sikukijua. Hajawahi kupanda pikipiki. Hata moja. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu begani mpaka pwani na kurudi. Kasema, sisi ni watu wa nyayo, na wewe ndiye wa kwanza kuniondoa chini.

Usingizi hauji. Si woga. Ni furaha. Naandika hapa kwamba ni furaha.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike yote.

Tumetoka na baridi. Bibi kakaa upande, miguu pamoja, kama mama zetu wote. Kanishika shati mpaka kola ikanikaba. Arobaini, arobaini na tano, hamsini haijazidi. Mzee Kanji angeniona angelia. Mwanzo bibi alikuwa anasali. Baadaye akaanza kunipiga bega: angalia hapa, zamani palikuwa pori tupu. Angalia pale, nilipita na mama yako mgongoni. Halafu akacheka peke yake, kwa sauti. Lori likatupita, akalipungia mkono. Njia nzima kiti hakikumsumbua, vumbi la tangu juzi lilikuwa limeshikana na ile glisirini, hakitelezi.

Ningefika hivyo hivyo ningekuwa mfalme.

Lakini kabla ya kwa mjomba kuna maduka. Bibi kashuka awanunulie watoto pipi. Mimi nikaangalia chombo changu. Kimejaa vumbi. Nitaingiaje kwa mjomba na kitu kama kimechimbwa ardhini? Nikatoa kitambaa, nikafuta vumbi lote. Nikatoa na kichupa cha glisirini. Nikapaka upya, kiti kizima.

Bibi akapanda. Mita labda mia tatu. Uani kwa mjomba watu wamejaa, wanawake wanapiga vigelegele. Nikaona nisiingie kizembe. Nikavuta mafuta, nikakata kona mbele ya mlango.

Pikipiki ilikata kona. Bibi hakukata.

Aliteleza kama sabuni. Nilisikia tu shati limekuwa jepesi. Nilipogeuka kakaa chini kwenye mchanga, kanga shingoni, karanga zimemzunguka. Vigelegele vikakatika.

Mjomba akaja mbio. "Mama!"

Bibi akanyoosha mkono mmoja, kama mtu anayekataa chakula. "Niacheni. Nimeshuka vibaya. Haraka yangu mwenyewe."

Mjomba akaniangalia mimi. Ana macho madogo, hayapepesi. "Shabani. Kashuka, au kaanguka?"

"Kashuka, mjomba."

Nilisema bila kumeza mate. Mjomba akakubali. Mbele ya wote kanipa mkono, kasema chombo ni changu, nikichunge. Watu wakapiga makofi. Nimekula wali na kuku, kidari nimepewa mimi.

Pikipiki yangu. Rasmi.

Kuku hakuwa na ladha.

Jumapili, 9 Juni

Kifundo cha mkono wa kulia wa bibi kimevimba kama andazi. Usiku alikificha ndani ya kanga.

Kwetu jina linatolewa jua linapochomoza. Bibi anampakata mtoto, anamwinua kwa mikono miwili mlangoni, anamtaja mara tatu. Wajukuu wote tuliinuliwa hivyo, na yeye huyohuyo. Leo kampokea mtoto, kajaribu kuinua. Mkono umegoma. Kajaribu tena. Uso wake sijawahi kuuona vile. Binti wa mjomba akalazimika kushika upande wa pili, mtoto akainuka mshazari, analia. Jina likatajwa. Watu wakajifanya hawajaona.

Bibi akatania, kasema mtoto mzito, anakula nini huyu. Wakacheka.

Mimi sikucheka. Najiona takataka. Kwa maneno mengine sijui.

Nimezunguka nyumba mara mbili. Nimejiambia bibi mwenyewe ndiye kasema kashuka, mimi nani nimpinge? Hoja nzuri. Kwa Idi ingepita. Halafu nikamkuta mjomba nyuma, anakaza kamba za mzinga.

Nikamwambia kaanguka. Nikamwambia nailoni, glisirini, kona. Nikamwambia Mzee Kanji alinionya. Nilisema upesi nisije nikaacha katikati.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaenda kwenye pikipiki, kapitisha kidole juu ya kiti, kanusa. "Umempaka mama yangu mafuta kama chapati."

"Ndiyo, mjomba."

"Ufunguo."

Nimempa. Mfuko mtupu una uzito wake. Sikujua.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi mjomba katangaza bibi atarudi kwa basi, na mimi pamoja naye. Pikipiki inabaki.

Bibi alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Kaweka bakuli chini. "Nani kasema?"

"Mama, huyu kakuangusha."

"Najua kaniangusha. Makalio ni yangu." Kisha kaniangalia mimi. "Nilimpa mlango wa kutokea. Kaufunga mwenyewe, kakwambia kweli. Basi huyu tunaweza kukaa naye."

Mjomba kaanza kusema maksai, nyumba nzima, vijana wa siku hizi. Bibi kamwacha amalize. Halafu kaomba kisu. Kakata nailoni mwenyewe, kwa kushoto, polepole, kaikunja, kampa mama wa mtoto akaitandike kitandani, mtoto asilowanishe godoro. Kaomba na suruali ya mjomba. Watu wakadhani anatania. Kaivaa, kitenge juu yake, mkono mbovu umefungwa shingoni kwa kanga. Kakaa kama dereva wa lori, mguu huku na mguu huku.

"Mwanangu, ufunguo."

Mjomba katoa. Nikanyoosha mkono. Hakunipa mimi, kampa bibi. Bibi akauchomeka mwenyewe, akamkaribisha mjomba Ntalikwa msimu wa karanga.

Tumerudi kwa mwendo wa thelathini. Kiti kipya kabisa, cheusi, hakuna atakayejua kama ni kipya. Karibu na mjini Idi Kijiko katupita na abiria, kapiga honi ndefu, kapaza sauti, "Shebe! Unaendesha au unasukuma?"

Jibu nilikuwa nalo. Zuri sana, siandiki hapa. Lakini bibi alikuwa ameegemeza kichwa mgongoni kwangu, kasinzia. Sikutaka ashtuke.

Alhamisi, 13 Juni

Uvimbe wa mkono wa bibi umeanza kushuka. Vidole bado vigumu.

Ufunguo unalala kwake, kwenye pindo la kanga, umefungwa fundo. Ndivyo walivyopatana yeye na mjomba, hawakuniuliza. Kila asubuhi naenda mlangoni kwake. Shikamoo. Marahaba. Nasimama. Leo katoa kanga, kaanza kufungua fundo kwa kushoto, akisaidiwa na meno machache aliyobakiwa nayo. Fundo limekaza. Nje nawasikia wenzangu wanapita kwenda kijiweni, abiria wa kwanza ndio hao wanaondoka.

Sikumwambia aharakishe. Nimekaa kizingitini. Nimemsubiri.

Fundo limefunguka. Kaniwekea ufunguo kwenye kiganja, kavifunga vidole vyangu juu yake.

Ulikuwa na joto.

Nimepiga kiki, nimekwenda kazini.