Mkasi wa Saba

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimechemsha vyombo sita vya kuzalishia, nimetoa saba. Nimehesabu mara tatu! Cha saba ni mkasi wa kukatia kitovu, wenye mkwaruzo mpinini. Si wetu. Nimemwambia daktari, akacheka: nimechoka, nikalale.

Jumatano, 5 Machi
Tena. Sheria ya chumba hiki naijua hata usingizini: dakika ishirini tangu maji yachemke, na ukiongeza chombo hata kimoja, unaanza upya. Leo, dakika ya kumi na nane, kitu kikagonga ndani ya sufuria – ting! Nikafunua. Mkasi ule ule. Nikaanza upya. Daktari akanuna kama aliyelamba ndimu.

Mkwaruzo ule naujua. Ni alama ya Mama Dakika, mkunga aliyenifundisha kazi, akiniita mwanangu. Alifukuzwa mwaka jana, mzazi mmoja alipokufa kwa vyombo vichafu. Miezi mitatu baadaye naye akafa. Wanasema presha. Mimi nasema aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa binti yake. Nikauliza habari za mkasi, nikijitia sina neno. Akasema upo, mama hakutaka uguswe. Akavuta droo, akaushika – akauachia hapo hapo, anapuliza vidole. Wa moto! Akaniuliza taratibu kama kulikuwa na jambo baina yangu na mama yake. Nikasema hakuna. Mwongo mkubwa mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Basi niandike, karatasi haina mdomo. Siku ile ya yule mzazi, niliyechemsha ni mimi. Dakika nane tu! Nilikuwa na haraka, fundi cherehani ananingoja nipime gauni. Gauni! Mama Dakika alijua. Alipoulizwa, akasema ni yeye. Nikanyamaza, na nafasi yake nikapewa mimi.

Jumapili, 9 Machi, saa nne asubuhi
Mdogo wangu ameletwa, uchungu umemshika. Kwetu tumebaki sisi wawili tu. Naandika hapa hapa chumba cha kuchemshia, jicho moja kwenye saa. Dakika ya kumi na tisa. Ting.

Nimeanza upya. Kumi na tisa – ting.

Mara ya tatu sasa. Mdogo wangu ananiita huko, dada, dada. Nivipeleke hivi hivi? Si vimechemka! Naogopa. Mungu wangu, naogopa.

Mlango umegongwa. Daktari: lete vyombo! Nimeshindwa kuvumilia. Nimepaza sauti nikiwa nimekishika kifuniko: yule mzazi aliyekufa, ni mimi, si Mama Dakika! Nilichemsha dakika nane!

Halafu upande wa pili wa mlango: "Haya. Anza upya, mwanangu."

Daktari nimemzidi miaka kumi. Hawezi kuniita mwanangu.

Nimeanza upya. Dakika ya tatu sasa, na mdogo wangu ameacha kuniita.