Chaneli ya Tano Uliiandika Mbovu

Modesta, mpwa wangu,

Shikamoo yako sitaipata tena, kwa hiyo marahaba naibakiza mdomoni, naanza moja kwa moja: nimekasirika. Tangu tukuzike nimekasirika, na leo nimeona bora nikuandikie wewe kuliko kumtukana mtu mwingine hapa Igogo, maana ambao sijawatukana wamebaki wachache.

Wameibandua tepu yako. Ile tepu ya karatasi iliyokaa chini ya vitufe vya miksa ya kwaya, uliyoiandika kwa maka nyeusi kila chaneli ni ya nani: sauti ya kwanza, sauti ya pili, kinanda, gitaa la besi. Mwalimu Ndaro, mwenyekiti wa kwaya, aliikwangua kwa kucha mbele yangu, akaifinyanga kama tonge, akaitupa kwenye ndoo. Halafu akaleta fundi mpya kutoka Kirumba, akabandika namba tupu. Moja, mbili, tatu. Nikauliza, "Sasa namba inaimba sauti gani?" Wakacheka. Mimi nikaipiga ile ndoo teke nikatoka.

Unanijua mimi. Mimi ndiye niliyepiga muziki pale sokoni kwa samaki, Mwaloni, mpaka sangara waliokwisha kuparwa magamba wakatingisha mikia. Mimi ndiye niliyefungua spika mbili tu kwenye harusi, boti ya Ukerewe ikageuza njia ikidhani bandari imehamia kwetu. Watu wanabisha, lakini nahodha alikuja mwenyewe kulalamika na nilimpa soda. Wewe ulikuwa ukisikia hayo unainamia waya zako, unasema, "Sawa Mjomba, sasa nisomee, chaneli ya nne nimeandika nini?"

Kila Jumamosi! Mbele ya watu! Na unajua shule niliishia darasa la nne, herufi naziokota moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nikinuna, unasema, "Soma tu Mjomba, leo nimehamisha vitu." Maana kila wiki kulikuwa na kitu kimeharibika kwenye ile miksa kuukuu, na kila wiki ulibandika tepu upya.

Na wewe pia nimekukasirikia. Homa siku tatu, unasema ni uchovu wa mazoezi. Mtu anayeandika jina kwenye kila waya, ncha zote mbili, anashindwaje kusema, "Mjomba, naumwa"? Ningekubeba mgongoni. Nimewahi kubeba jenereta kutoka Igogo hadi Kirumba bila kulitua, wewe ungenishinda?

Haya. Nimezunguka vya kutosha.

Siku ya mazishi walitaka kukodi fundi. Nikasema fundi wa nini, mimi nipo. Nikaitandika miksa pale uani kwenu, juu ya lile jiwe bapa mnaloanikia vyombo. Maiki ya wasemaji nikaichomeka chaneli ya tano, kwa sababu ya tano ndiyo imekuwa ya msemaji tangu miksa inunuliwe. Miwani ilikuwa mfukoni mwa koti. Sikuivaa. Wanakwaya walikuwa wananitazama, nami nikasema kwa sauti kwamba mimi miksa naisoma kwa masikio.

Mama yako akasimama. Dada yangu yule, ambaye hajawahi kushika maiki maishani mwake. Akasema, "Mwanangu Modesta," spika zikakwaruza, zikakata. Yeye hakujua. Akaendelea. Midomo inakwenda, machozi yanakwenda, uani kote hakuna anayesikia. Nikapandisha sauti, ikakwaruza zaidi. Alipomaliza aliirudisha maiki kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akakaa. Alikuaga, na hakuna aliyemsikia.

Watu wakanigeukia. Na mimi, Modesta, nikasema, "Marehemu aliandika vibaya hapa."

Ndiyo. Nilikusingizia ukiwa kwenye jeneza, hatua kumi kutoka nilipokaa. Wakaniamini, maana mimi nasema kwa nguvu. Mwalimu Ndaro naye aliibandua tepu kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia haiaminiki.

Watu walipotawanyika nikawa nakunja waya, ndipo nikavaa miwani. Chaneli ya tano: MBOVU, USITUMIE. Ya tisa: MSEMAJI. Herufi kubwa kubwa, zile ulizokuwa ukiniandikia mimi peke yangu, maana wengine wote wanasoma ndogo. Nilisoma. Wiki nzima sikumwambia mtu, mimi, nisiyejua kunyamaza.

Jana nilikwenda kwa mama yako. Nilimkuta jikoni anachambua dagaa. Nikamweleza yote, sikuongeza hata neno. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kulwa, nilijua. Mwanangu hakuwa mtu wa kuandika ovyo."

Nikamwambia, dada, nisamehe.

Akasema, "Mimi umeniambia hapa jikoni. Yeye ulimsema mbele za watu." Akaendelea na dagaa wake. Nimetoka pale nimekasirika mpaka masikio yanawaka, na safari hii hakuna hata mmoja wa kumrushia hasira hizo.

Basi nakuahidi, na hii siyo hadithi ya Kulwa. Jumapili, misa ikiisha, kabla watu hawajafika mlangoni, nitaomba maiki. Nitasema, "Modesta aliandika sawasawa. Mimi sikusoma, kisha nikamsingizia." Hayo tu. Wakicheka, wacheke. Mwalimu Ndaro akitaka kuniondoa kwenye mitambo, aniondoe. Kisha nitamnyooshea mama yako maiki, kama anataka kukuaga tena watu wakisikia. Akikataa kuipokea, nitasimama nayo pale mkononi, kila mtu anione.

Naogopa, mpwa wangu. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Pumzika wewe, Jumapili niachie mimi.

Mjomba wako,
Kulwa