Kitambaa cha Kijivu

Jumanne, 2 Septemba

Sketi kumi na nne za shule tangu asubuhi, zote pindo. Mgongo umekwisha. Mwenzangu Shabani amemaliza suruali ya mwalimu, kasoro vifungo.

Saa tisa mteja wa suti tatu amekuja kuulizia kazi yake. Nimefungua kabati. Kitambaa hakipo. Sufu ya kijivu, mita kumi na mbili, aliileta mwenyewe kutoka Nairobi. Nimetoa kila kitu nje mpaka vipande vya bitana. Hakuna. Mteja amesema anarudi kesho, na nimwambie kimeenda wapi.

Chumba chetu hapa sokoni Kicukiro kina kufuli moja na funguo mbili. Mmoja wangu, mwingine wa Shabani. Sijasema neno. Nimewaza tu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimesema. Mteja amerudi asubuhi, nikaenda kushtaki wizi, na mpelelezi akaniuliza kama namshuku mtu. Ningeweza kujibu sijui, ningekuwa nyumbani sasa hivi. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nikataja jina, simu, mtaa anaokaa. Nikaongeza kwamba binti yake Zuhura anaolewa wiki ijayo, na mwenye harusi ana shida nyingi. Hilo hakuniuliza mtu.

Wamemchukua saa sita. Alikuwa anatunga uzi. Akachomeka sindano kwenye mto wake, akafunika cherehani. "Dada, ile suruali ya mwalimu ni ya leo. Usisahau vifungo." Miaka kumi na moja tunashona chumba kimoja. Sikumwangalia.

Ijumaa, 5 Septemba

Mke wake amekuja. Nilijua atakuja, gauni la Zuhura liko kwangu. Anajua ni mimi niliyemshtaki mumewe. Hakunigombeza. Ameuliza kama mikono ya gauni iko tayari.

Amekaa kidogo, chombo cha chakula mapajani, alikuwa anatoka kumpelekea. Ameniambia walivyomweleza. Siku tano kwa wapelelezi. Halafu jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, halafu kwa hakimu. Hakimu ndiye anaamua kama mtu atangojea kesi akiwa nyumbani au ndani siku thelathini kwanza. Kungojea nyumbani kunataka mdhamini. Mtu mwadilifu, mwenye makazi yanayojulikana, wa kuitwa mshtakiwa akitoroka. Wao ni wapangaji. Ndugu yake Shabani yuko Kampala. Waliowaomba wote wana safari.

Nikah ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baba ndiye walii, ndiye wa kumwoza binti. Alisema hivyo kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeimba vizuri misani. Dhamiri yangu safi. Mwizi ni mwizi hata akiwa mpole.

Jumatatu, 8 Septemba

Mungu wangu.

Nilifungua sanduku la bati kutoa majoho ya kwaya, niyapige pasi. Chini ya majoho, kitambaa. Kijivu. Mita zote kumi na mbili, hata uzi wa kufungia haujaguswa.

Nimekumbuka kila kitu hapo hapo nimepiga magoti. Siku ile simu ilipotoka Nyagatare kwamba shangazi amekufa. Nilijua nitakaa kule siku nne. Nikaona kitambaa cha bei vile, na Shabani ana ufunguo. Nikakivingirisha ndani ya joho, nikakileta huku nyumbani Niboye, nikakifungia. Kisha msiba, vilio, safari, na kichwa changu kikamwaga yote.

Sikukisahau kwa bahati mbaya tu. Nilikificha, na niliyemficha ni yeye. Hili ndilo siwezi kumeza.

Nimekirudisha chini ya majoho. Sijui kwa nini.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata akili, au nilidhani. Nikimdhamini Shabani, akatoka, nikah ikapita, mengine nitayasema polepole. Nimepanda pikipiki mpaka kwa mwendesha mashtaka. Binti wa mezani amesoma jina langu, akasoma jalada, akanitazama.

"Mama, hapa iko tatizo. Wewe ndiye uliyemshtaki. Sasa unataka kusema ni mtu wa kuaminika?"

Nikasema nimemsamehe. Msamaha! Nimetumia neno hilo kwa mdomo huu huu. Akasema mlalamikaji hawezi kumdhamini mshtakiwa, na kama nina jambo la kuongeza kwenye maelezo yangu, kalamu hiyo hapo. Kalamu ilikuwa mbele yangu. Nimesema sina.

Jioni nimemwomba mume wangu. Baba Diane nyumba ni yake, amekaa Niboye tangu turudi kutoka Bukoba, hana doa. Nimemwambia watu wale wana harusi, tusiwe na roho ngumu. Amesema, "Una moyo mzuri, mama." Nimekwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 10 Septemba

Mahakamani. Nimekaa nyuma. Shabani amekonda shingo. Mwendesha mashtaka ameomba siku thelathini, kwa sababu chumba hakikuvunjwa, na funguo ni mbili. Maneno yangu, neno kwa neno. Shabani ameulizwa anasema nini. Amesema hajui kitambaa kilipo. Basi.

Baba Diane amesimama na kitambulisho na hati ya nyumba. Hakimu amemuuliza anamjua tangu lini. "Miaka kumi na moja, hajawahi kuchukua hata pini." Wamemwandika kuwa mdhamini. Uamuzi kesho.

Alhamisi, 11 Septemba

Ameachiwa. Masharti: kila Ijumaa aende kusaini, asitoke Kigali bila ruhusa, akikosa ataitwa mume wangu. Mke wake alilia barabarani akamshika mkono Baba Diane, kisha akanishika mimi. Mkono wangu ulikuwa wa baridi.

Nimejiambia basi, yamekwisha. Nimemaliza gauni.

Jumamosi, 13 Septemba

Hayakwisha.

Nilikwenda, ningekosaje, gauni ni langu. Tulikaa na wanawake uani. Mimi nilisubiri kusikia sauti ya Shabani ikimwoza binti yake. Ikatoka sauti nyingine. Ndugu yake wa Kampala.

Nikamuuliza mke wake. Amesema upande wa bwana harusi walianza kunong'ona, na Shabani mwenyewe akakataa. Amesema mtu aliyetoka kwa dhamana bado ana kesi, na mwenye kesi asifungue nyumba ya mwanawe. Akampa ndugu yake uwakala.

Nilimwona wakati wa kutoka. Alikuwa amekaa mstari wa mwisho karibu na viatu, kanzu mpya aliyojishonea mwenyewe. Zuhura alipendeza sana. Pilau sikuweza kula.

Ningesema Jumatatu, angekaa mbele. Nimehesabu mara nyingi. Ningesema hata jana.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwambia Baba Diane alfajiri, kabla hajavaa viatu. Hakupiga kelele. Ameuliza, "Kwa hiyo siku nasimama pale, kilikuwa chumbani kwetu?" Nikasema ndiyo. Amekunywa chai amesimama, akatoka.

Nimebeba kitambaa mwenyewe. Mpelelezi alikikunjua, akapima kwa mikono, akauliza kimepatikana lini. Nikasema jana.

Bado naogopa kuliko ninavyotubu. Nimeandika "jana", nikatia sahihi. Wamenigombeza kwa uzembe, wakasema jalada litafungwa na Shabani hatakuwa na haja ya kusaini tena. Nimetoka huru. Mimi sikuhitaji mdhamini.

Jumatano, 17 Septemba

Mteja amepeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine. Haki yake. Shabani hajafika kazini. Baba Diane anajibu "yego" tu, yaani ndiyo, kwa kila kitu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua ya kwanza. Shabani amekuja na mkokoteni kuchukua cherehani yake. Nimempa pole, nimemwomba radhi, nimepiga magoti pale kwenye vipande vya nguo. Amesema, "Inuka, dada, utachafuka."

Amekunja kamba zake. Amefuta mafuta sakafuni pale cherehani ilipokaa. Kisha akauliza jambo moja tu. Kilionekana lini?

Ningeweza kusema Jumapili. Iko kwenye karatasi ya serikali.

Nimesema Jumatatu. Si hii, ile ya kabla ya mahakama.

Nimeona midomo yake ikihesabu kidogo kidogo. Jumatano. Alhamisi. Ilipofika Jumamosi akaacha.

"Haya, dada," amesema. Ametoa ufunguo kwenye kishikio chake cha funguo, akauweka mezani karibu na mkasi, akasukuma mkokoteni nje kwenye mvua.

Nimeshona mpaka saa kumi na moja. Nimefunga mlango. Funguo zote mbili ninazo mimi.