Dakika Tisa

3 Machi

Mama, shikamoo. Natumai goti limetulia. Mimi mzima.

Nina habari! Ile programu ya hesabu tunayotengeneza ofisini, sehemu ya michirizo ya duaradufu, ile mistari ya kupinda tunayoitafutia nukta, nimeiandika upya mimi. Kutafuta nukta moja kulichukua dakika tisa; sasa kufumba na kufumbua, jibu hilo hapo! Ila jirani yangu wa meza, yule tunayemwita Miwani, anadai kwake inatambaa vilevile. Wivu tu, Mama. Nahisi ameichezea anichafulie jina. Nimemwambia mkuu, na leo Miwani kasimamishwa kazi. Mwisho wa mwezi wataamua.

Mwanao

11 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti bado linanisuta nikipanda ngazi.

Hongera, lakini roho inasita. Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Mwanafunzi akijibu kabla sijamaliza swali, nilimbadilishia namba. Wengi walikuwa wamekariri. Wewe umebadilisha namba? Na hiyo programu huwa unaifunga? Miwani je? Usininunie, jaribu tu.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo. Hata wewe! Nilingoja vigelegele, nimepata mahakama.

Haya, nimejaribu. Nimeifunga, nikaifungua upya, nikaipa nukta mpya: dakika tisa na sekunde nne. Kumbe mimi siifungi, na nilikuwa naiuliza nukta ileile kila siku, nayo inanirudishia jibu la jana ililolihifadhi. Miwani huifunga kila akimaliza. Nimeona aibu, Mama.

Nimeirekebisha kimyakimya. Safari hii kasi ni ya kweli, dakika nne. Mkuu amefurahi, hakuuliza kitu. Tafadhali, yabaki kati yetu.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, ila nina hasira.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliposema umemsafisha Miwani kwa mkuu. Sijapaona. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Jana nikapiga simu ofisini kwenu, nikamuulizia Miwani. Nimeambiwa alifukuzwa kwa kuharibu kazi ya mwenzake. Niliomba kuongea na mkuu wenu, hakuwepo.

Nitapiga tena Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi. Barua hii itakuwa imekufika. Nakupenda, mwanangu. Nenda ukamwambie mkuu wewe kabla sijamwambia mimi.

Mama yako