Supu ya Mzazi, Mnywaji Baba

Da Ulunma mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana siku hiyo mama mkwe wangu anarudi kijijini na moyo uliochubuka, na aliyemchubua ni mimi. Nimejifungua mtoto wa kike hapa Aba, uzazi wangu wa kwanza, na kwa desturi yetu aliyepaswa kuja kunilea ni mama yangu mzazi, lakini alifariki mimba ikiwa bado changa, basi akaja mama wa mume wangu, na wala sina la kumlaumu, ananikanda kwa maji moto, anamwogesha mtoto, na kila asubuhi ananipikia supu nyeupe ya kambare, ile nzito ya kiazi kikuu cha kuponda, pilipili tele na uda, kile kiungo chetu cha supu ya mzazi, ili tumbo lisafike na maziwa yashuke, ananiletea bakuli kitandani, "Kunywa ingali moto, mke wetu," akigeuka tu namwita mume wangu Obiajulu anainywa yeye, mimi nashindia chai na mkate.

Sasa Obiajulu shati halifungi, jirani amemkuta kwenye ngazi akapiga kelele, "We Obiajulu! Kumbe uliyejifungua ni wewe? Maziwa yameshashuka?" watu wakacheka, mimi sikucheka, kwa kuwa maziwa yangu ni haba na mtoto analia njaa, na mama mkwe anajilaumu, nimemsikia akimwambia mwanawe, "Mkono wangu una kasoro gani? Supu hii imelea wazazi wa ukoo mzima. Labda uda wa sokoni siku hizi hauna nguvu," akaja kuniuliza kama nina uda mwingine ndani, nami ninao, kopo zima, mama yangu aliukausha mwenyewe juu ya jiko lake la kuni kwa ajili ya supu yangu ya uzazi, huwa nalifungua, nanusa, nafunga, nikamjibu, "Panya waliula, Mama." Jana amefunga mzigo wake, eti mkono wake mbaya usije ukamwua mjukuu. Supu yake si mbaya, Da Ulunma, harufu yake tu inanitoa mate, ila nikiinywa nitakuwa nimekubali kwamba mama yangu haji tena. Nimwache aende zake, au nimwambie?

Mzazi wa Aba

Binti yangu, umefiwa na mama, ukazaa bila yeye. Pole sana, na pole hiyo inatoka moyoni. Sasa nikugombeze.

Panya gani wa Aba anayekula uda? Hata mama mkwe wako hakukuamini, amekaa kimya kwa adabu tu. Wewe una njaa, mtoto ana njaa, mwanamke mzima analia juu ya mkono wake usio na kosa, na anayenenepa ni Obiajulu! Huyo naye mwambie nimesema aone haya. Mwanamume anamnywea mzazi supu yake huku akimwangalia mama yake akifunga mzigo?

Leo hii, kabla ya jambo lolote, mpeleke mtoto kliniki apimwe uzito, na umnyonyeshe kila anapotaka. Chai na mkate havilei mzazi, ukae ukijua.

Kisha usingoje Jumapili. Akina mama tunaokuja kulea wazazi husindikizwa kwa kitenge kipya na vicheko, na huyu unataka aingie kijijini kimya kimya, watu wamuulize amefukuzwa kwa lipi? Nenda jikoni, mpe kopo mkononi, umwambie, "Mama, panya hawakula. Huu aliuweka mama yangu kwa ajili yangu, na mimi nilishindwa kukupa." Usiongeze maneno mengi. Naye alizaa, naye ana mama aliyemzika, ataelewa kabla hujamaliza.

Uda ukikaa sana hupoteza harufu, mwanangu. Huko kuunusa kila siku, unaumaliza bure. Mama yako hakuvumilia moshi wa kuni ili uwe na kopo la kutazama. Kaa kwenye kigoda, uuponde mwenyewe, umweleze mama mkwe jinsi marehemu alivyokuwa akiutia, mapema au mwishoni, mwingi au kidogo, naye apike.

Bakuli la kwanza mpe yeye aonje. La pili ni lako, ulinywe lote mbele yake. Ukitaka kulia, lia, ila geuza uso pembeni, chumvi imeshatosha.